Tetemeko la Kagera: bibi alisikia mawili

Tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba. Bibi yangu kule Kyerwa husimulia: kwanza ilikuwa kama lori linapita mbali, kidogo tu, ndipo nyumba ikayumba kwa nguvu.

Hesabu ya Fourier ya 1822 huchambua mtikiso wote kwa mkupuo. Ipi ilitangulia haionekani wazi. Mwaka 1946 Dennis Gabor akapendekeza kupima vipande vifupi vya muda, kimoja kimoja. Hapo wimbi dogo la mbio hutokea kwanza, kubwa baadaye, na pengo la sekunde kati yao hukadiria umbali wa chanzo.

Kumbe bibi alishapima! Wanahistoria wenzangu, tuwaulize wazee nini kilianza, siyo nyumba ngapi zilianguka tu.