Barua za Ocean Hill

Migomo ya walimu aghalabu husimuliwa kuwa ni ugomvi baina ya mwajiri na mwajiriwa: walimu wakidai ujira, serikali ikishika mfuko wake, na wazazi wakingoja pembeni mpaka milango ya shule ifunguliwe. Migomo mitatu iliyozifunga shule za mji wa New York baina ya Septemba na Novemba mwaka 1968, na kuwaweka majumbani watoto wapatao milioni moja kwa jumla ya siku 36 za masomo, haikuwa ya namna hiyo; kwani walimu hawakudai hata senti moja ya nyongeza, na hasimu wao hakuwa tajiri wala waziri, bali baraza la wazazi na viongozi wa mtaa mmoja wa mafukara huko Brooklyn, mtaa wa Ocean Hill-Brownsville, ambao takriban watoto wote wa shule zake 8 walikuwa weusi au wa asili ya Puerto Rico.

Ili kuifahamu adawa ile hapana budi kurejea nyuma miaka michache. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua mwaka 1954 ya kuwa kuwatenga watoto mashuleni kwa sababu ya rangi ni kinyume cha katiba. Lakini New York, mji uliojisifu kwa uungwana wake, haukuwa na sheria ya kutenga iliyongoja kufutwa, ulikuwa na mitaa iliyotengana na shule zilizofuata mitaa. Tarehe 3 Februari 1964, kwa wito wa kasisi Milton Galamison na tadbiri ya Bayard Rustin, wanafunzi wapatao 460,000 hawakwenda shule, na halmashauri ya elimu ya mji ikaongeza ahadi juu ya ahadi zake za zamani. Miaka miwili baadaye ikafunguliwa Harlem ya mashariki shule mpya ya I.S. 201, jengo la fahari lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye mitambo ya kuleta hewa baridi lakini lisilo na madirisha, ambamo wazazi waliahidiwa kwamba weupe na weusi watasoma pamoja, kisha wakaletewa weusi na Wapuerto Rico watupu. Hapo ndipo ilipopata nguvu hoja isiyokuwa na jawabu jepesi: ikiwa mmeshindwa kuwaleta watoto wa wenzetu wakae na wetu, basi tupeni sisi mamlaka juu ya shule wanazosoma wetu peke yao.

Insafu yataka walimu nao waelezwe kama walivyokuwa. Chama chao, UFT, kiliasisiwa mwaka 1960, na kabla ya kupata mkataba wake wa kwanza mwalimu wa New York aliishi kwa rehema ya mkuu wa shule, aliyeweza kumpa darasa baya kuliko yote au kumsimamisha kila siku chumba cha chakula, naye asiwe na pa kushtaki. Kwa hiyo ibara iliyosema kuwa mwalimu hataondolewa pasipo kushtakiwa na kusikilizwa haikuwa kwao pambo la karatasi. Kiongozi wao, Albert Shanker, mwana wa mpeleka magazeti na mama mshona nguo kiwandani, alikwenda Selma mwaka 1965 kuandamana na watu weusi, na wanachama wake wengi, aghalabu Mayahudi, waliingia kazini kwa mlango wa mtihani katika siku ambazo milango mingine ilikuwa imefungwa mbele ya wazazi wao. Ila mlango ule ule uliowapitisha wao sasa uliwazuia wengine, hata wakuu wa shule weusi katika mji mzima wakawa wa kuhesabika kwa vidole.

Jaribio la kuwapa wazazi wa Ocean Hill mamlaka hayo juu ya shule zao lilianza mwaka 1967 kwa fedha za wakfu wa Ford, na hapo mwanzo walimu na wazazi walikaa meza moja kulipanga. Mwezi Septemba wa mwaka ule walimu wakagoma, wakitaka pamoja na mengine wapewe uwezo zaidi wa kumtoa darasani mtoto mkorofi, na wazazi weusi, ambao walijua vyema ni watoto wa nani wangeitwa wakorofi, waliliona dai lile kuwa limeelekezwa kwao. Baraza la mtaa chini ya kasisi C. Herbert Oliver, na msimamizi wake Rhody McCoy, mtu mtulivu mwenye kiko mdomoni, likaendelea bila ya chama. Likateua wakuu wa shule nje ya orodha ya mtihani, mmoja wao Luis Fuentes, Mpuerto Rico wa kwanza kushika cheo hicho katika mji. Lakini mamlaka yake juu ya fedha na walimu halmashauri ya mji haikuyaandika popote kwa uwazi.

Tarehe 9 Mei 1968 zilitoka barua 19 za baraza, kwa walimu 13, wasaidizi 5 wa wakuu wa shule, na mkuu wa shule mmoja. Mmoja wa waliozipokea alikuwa Fred Nauman, mwalimu wa sayansi katika shule ya J.H.S. 271 na mwakilishi wa chama, ambaye utotoni familia yake iliikimbia Ujerumani ya Hitler. Barua ilimwambia kuwa kazi yake katika wilaya ile imekwisha, na aende makao makuu, 110 Livingston Street, akapangiwe pengine. McCoy alisema huu ni uhamisho, na mji umehamisha walimu maelfu bila ya hakimu. Chama kikasema ni kufukuzwa bila ya shtaka. Jaji mstaafu Francis Rivers, naye mtu mweusi, alipowasikiliza baadhi yao aliona kuwa mashtaka hayakuthibitika, na baraza likakataa kuwapokea; ndipo walimu wa mji mzima wakagoma.

Walimu wapatao 350 wa mtaa ule walikuwa tayari wametoka madarasani kwa kuwaunga mkono wenzao, na McCoy akaajiri wengine kushika nafasi zao. Ajabu ni kwamba wengi wa hao wapya walikuwa Wazungu, na karibu nusu ya Wazungu hao Mayahudi, jambo ambalo wale waliopenda kuugeuza ugomvi kuwa wa damu hawakulitaja. Watunza majengo, waliokuwa upande wa chama, walibadilisha makufuli. Wazazi wakayavunja, wakalala ndani ya shule usiku ili asubuhi watoto wakute mlango wazi. Karatasi zisizo na jina la mtungaji, zenye matusi kwa Mayahudi, zilipozuka, chama kilizichapa upya kwa maelfu mengi na kuzisambaza kama ushahidi, na kwa rai yangu hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko lolote la Shanker, maana liliwatia hofu watu ambao wasingeziona kamwe. Rustin, yule yule wa mwaka 1964, alisimama na chama, akapoteza marafiki.

Mimi sioni kuwa upande mmoja ulidai haki na wa pili dhulma. Aliyestahili lawama ya kwanza ni halmashauri ya mji, iliyowapa wazazi jina la mamlaka na kuwaachia walimu mkataba, ikijua, au ikipaswa kujua, kwamba viwili hivyo havitakaa nyumba moja bila ya mpaka kuandikwa, kisha ikatazama watu wawili wanyonge wakivutana.

Mgomo ulikwisha Novemba 17, na walimu wakarejea. Mwalimu wa J.H.S. 271, Leslie Campbell, baadaye Jitu Weusi, alifungua Brooklyn mwaka 1970 shule yake, Uhuru Sasa, jina ambalo msomaji wetu hahitaji kufasiriwa. Sheria ya mwaka 1969 iliugawa mji katika wilaya zenye watoto wasiopungua 20,000, kiasi ambacho Ocean Hill haikukaribia, nayo ikamezwa na Wilaya ya 23. Halmashauri za wilaya zilidumu miaka thelathini na kitu, mpaka mamlaka yaliporejeshwa kwa Meya mwaka 2002, na mahali pao pakawekwa mabaraza ya wazazi ambayo kazi yake kubwa ni kutoa rai.