Shimo, Kabari na Ukuta: Njia Tatu za Kuweka Uzio Kwenye Ardhi ya Mawe

Kila jamii iliyowahi kufuga kwenye ardhi ya mawe imekutana na tatizo lilelile: mifugo inataka uzio, uzio unataka mahali pa kusimama, na ardhi haichimbiki. Majibu ndiyo yaliyotofautiana. Wapo waliotafuta chuma cha kulitoboa jiwe, wapo waliolipasua wakalifanya nguzo, na wapo waliolipanga likawa ukuta. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kupitia trekta dogo la siku hizi, nguzo za mawe za Kansas huko Marekani, na kuta za Thimlich Ohinga nchini Kenya. Ninaithamini mashine, lakini naona imetuzoesha kuanza na shimo, ilhali waliotutangulia walianza kwa kulichunguza jiwe.

Tuanze na trekta. Mwenye trekta dogo hufunga nyuma yake keekee kubwa ya chuma, yenye upana wa inchi 6, 9 au 12. Huizungusha kwa nguvu ya shafti inayotoka kwenye injini, kwa kawaida mizunguko 540 kwa dakika, na giaboksi huipunguza kasi hiyo na kuielekeza chini. Kwenye udongo wa kichanga au tifutifu, shimo la kina cha futi mbili na nusu hupatikana kwa dakika chache, na mtu mmoja aweza kufanya kwa siku kazi iliyokuwa ikimaliza wiki ya vibarua.

Kwenye mawe mambo hugeuka, na sababu imo katika muundo wenyewe. Mfumo wa viungio vitatu unaobeba keekee hiyo ulibuniwa na Harry Ferguson, mzaliwa wa kaunti ya Down, Ireland, ukaenea baada ya kuingizwa kwenye trekta la Ford la mwaka 1939. Ferguson alikuwa akifikiria plau. Plau huvutwa chini na udongo wenyewe, kwa hiyo haidroliki ilitakiwa kunyanyua tu, na kushuka kukaachiwa uzito. Matrekta mengi madogo yako hivyo hadi leo. Keekee ikifika kwenye mwamba, haina kinachoikandamiza ila uzito wake. Meno hukwaruza, vumbi la jiwe hutoka, chombo kizima huanza kurukaruka, na shimo haliongezeki hata kidole kimoja.

Jiwe lililolegea lina shida yake. Ncha hupenya pembeni mwake, jiwe likabana kati ya keekee na ukuta wa shimo, na bolti ndogo ya usalama ikakatika. Bolti hiyo imewekwa ili ikatike. Anayeibadilisha kwa nyingine ngumu zaidi atavunja giaboksi kwenye jiwe linalofuata. Na kwa kuwa shafti ya trekta la kawaida haizunguki kinyumenyume, keekee iliyonasa hutolewa kwa kuzima injini na kuizungusha kwa mkono, kwa spana kubwa ya bomba. Kisha mtu hushika mtaimbo, hupiga ukingoni mwa jiwe, hulitikisa mpaka lilegee, hulitoa kwa mkono, ndipo keekee irudishwe shimoni. Hata penye injini, kazi ya jiwe imebaki kuwa ya mikono.

Hapo ndipo haraka inapoua watu. Wakiona uzito hautoshi, wapo wanaomwambia kijana akalie mhimili wa keekee ili ishuke. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kwa sekunde. Shati lililolegea au kanga ikinaswa kwenye shafti, hakuna atakayewahi kuzima injini. Asikubali mtu yeyote kufanywa uzito wa mashine.

Sasa twende Kansas. Kuanzia miaka ya 1870, walowezi waliofika katikati ya jimbo hilo walikuta mbuga isiyo na miti ya kutosha. Seng'enge ya Joseph Glidden ilipata hataza mwaka 1874, waya ukapatikana kwa urahisi, lakini nguzo hazikuwapo. Chini ya udongo kulikuwa na tabaka la mawe ya chokaa lenye unene wa sentimita 20 hadi 30 hivi. Jiwe hilo lina sifa ya pekee: likitolewa ardhini huwa laini, likikaa hewani hukomaa na kuwa gumu. Walifukua udongo, wakatoboa mstari wa matundu kwa mkono, kila tundu wakalitia vibamba viwili vya chuma na kabari katikati. Kabari zilipigwa nyundo moja baada ya nyingine, kwa zamu, pasipo pupa, hadi ufa ukatembea kutoka tundu hadi tundu na jiwe likaachana. Nguzo moja iliweza kuwa na uzito wa kilo 115 hadi 200. Haikuungua kwa moto wa nyika wala haikuoza, na nyingi zingali zimesimama katika kaunti za Russell na Lincoln. Shimo bado lilichimbwa, maana nguzo ya jiwe nayo huzikwa, lakini jiwe lenyewe lilikuwa limekwisha kupewa kazi.

Thimlich Ohinga, katika kaunti ya Migori, ilikwenda mbali zaidi. Kuta zake, zinazokisiwa kuwa za karne ya 16, zina kimo cha mita 1.5 hadi 4.5 na unene wa wastani wa mita 1. Hazina udongo wa kuunganishia, na mawe yake hayakuchongwa. Wajenzi walipandisha nyuso mbili kwa wakati mmoja, ya nje na ya ndani, huku wakipanga mawe madogo katikati ili kuzishikamanisha, na wakaziimarisha kuta kwa mihimili ya mawe pembeni. Ndani yake watu na mifugo walilala salama dhidi ya wavamizi na wanyama wakali. Jamii zilizofuatana zilihamia humo na kukarabati palipobomoka. Mwaka 2018 UNESCO iliyatambua makazi hayo kuwa urithi wa dunia.

Tukizipima njia hizi, tusimpunje yeyote. Uzio wa kilomita moja wenye nguzo kila baada ya mita 4 unahitaji nguzo 250 hivi. Ukuta wa urefu huohuo, wenye unene wa mita 1 na kimo cha mita 2, unakula mita za ujazo 2,000 za mawe. Hakuna familia itakayozungushia ranchi yake ukuta wa mtindo wa Thimlich. Lakini boma la kulaza mifugo lenye mzingo wa mita 60 litahitaji mita za ujazo 120, na kazi hiyo majirani wanaiweza kwa msaragambo. Waya huzuia ng'ombe wasipotee na huonyesha mpaka. Ukuta humzuia fisi. Ubora wa njia hutegemea kinacholindwa na eneo linalozungushiwa, na anayesifu ukuta au keekee bila kutaja mambo hayo mawili hajasema kitu.

Afrika Mashariki ina funzo lake chungu kuhusu kuitanguliza mashine. Kongwa, mkoani Dodoma, mpango wa kulima karanga wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1947 hadi 1951 ulileta matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu mno wakati wa kiangazi, na chembe zake kali zilimaliza makali ya vyuma. Mamilioni ya pauni yalipotea. Ilhali ukanda huohuo wa kati wa Tanzania una wakulima na wafugaji wanaozungushia maboma yao miiba au minyaa, bila mashine. Kipande cha mnyaa hukatwa, hupandwa na kuota chenyewe, na mchwa hawakili kama wanavyokula nguzo kavu.

Wamarekani wenyewe, pamoja na mashine zao zote, hawakuiacha akili hiyo ya kulikwepa shimo. Huko Montana na Wyoming zipo nyua za magogo yaliyopishanishwa na kusimama juu ya ardhi bila shimo. Mashariki ya Oregon, nguzo ya pembeni, inayobeba mvuto wote wa waya, mara nyingi ni kapu la mbao lililojazwa mawe ya papo hapo.

Kwa hiyo, mfugaji mwenzangu, kabla ya kukodi trekta chukua mtaimbo, utembee mstari wote wa uzio na upime udongo kila mahali patakapokaa nguzo. Panapopenya, piga keekee. Panapogoma, jenga kapu la mawe, panda minyaa au panga ukuta. Pembe za uzio zipe nguvu kuliko sehemu nyingine yoyote, maana uzio huanza kulegea pembeni. Na kila jiwe linalotoka shimoni liweke kando, kwa kuwa lina kazi kwenye uzio huohuo.