Baridi, vita na uji wa moto: namna Wachina walivyojifunza kujitunza wakati wa baridi

Mwaka 196, China ilikuwa nchi iliyovunjika. Ukoo wa Han ulikuwa bado na mfalme, lakini majemadari ndio waliokuwa wakigombania majimbo kwa silaha. Wakaaji walikimbia mashamba, njaa ikaingia, na magonjwa ya homa yakawafuata njiani. Mganga mmoja wa Nanyang, Zhang Zhongjing, alihesabu jamaa yake. Walikuwa watu zaidi ya 200. Katika muda usiofika miaka 10, theluthi mbili walikufa. Katika kila kumi waliokufa, saba waliuawa na ugonjwa ulioitwa shanghan, maana yake kuumizwa na baridi.

Hesabu hiyo imo katika utangulizi wa kitabu chake. Msiba huo ndio uliomfanya akusanye maarifa ya wazee na kuandika namna ya kumtunza mgonjwa wa homa, hatua kwa hatua. Ushauri mwingi ambao Wachina wanapeana hadi leo wakati wa baridi unarudi kwenye kitabu hicho.

Kabla yake kulikuwa na kitabu kingine, cha zamani zaidi, kinachoitwa Huangdi Neijing. Hicho kinasema miezi mitatu ya baridi ni wakati wa kufunga na kuweka akiba. Mtu alale mapema, aamke jua likishachomoza, akimbie baridi na kutafuta joto, asijichoshe hadi atoke jasho. Mwili ni kama ghala: anayemaliza akiba wakati wa baridi ataugua majira yakibadilika.

Zhang aliongeza matendo. Dawa yake inayojulikana sana ina vitu vitano: vijiti vya mti wa jamii ya mdalasini, mzizi wa ua la pioni, mzizi mtamu, tangawizi na matunda makavu yanayofanana na tende. Lakini dawa haikuishia kwenye chungu. Mgonjwa akisha kunywa, anapewa uji mwepesi wa mchele, wa moto, ili dawa ipate nguvu. Kisha anafunikwa hadi atoke jasho kidogo. Jasho likitiririka kama maji, ugonjwa hautaondoka. Nyama, pombe na vyakula vibichi vinakatazwa. Mwenye kumtunza anabaki karibu, anaangalia, na anaongeza dawa au kuisimamisha kufuatana na hali.

Kwa mwanamke aliyejifungua na kuumwa tumbo kwa sababu ya baridi, aliandika supu ya nyama ya kondoo, tangawizi nyingi na mzizi unaoitwa danggui. Supu hiyo inapikwa hata leo katika nyumba za Wachina miezi ya baridi.

Watu wanasimulia pia kwamba Zhang, aliporudi kwao, alikuta maskini ambao masikio yao yameharibiwa na baridi. Alipika nyama ya kondoo na dawa, akaifunga ndani ya unga uliokandwa kwa umbo la sikio, akawagawia. Ni hadithi ya mapokeo tu. Lakini kaskazini ya China, siku ya usiku mrefu kuliko yote, karibu na tarehe 22 Desemba, jamaa nyingi bado zinakula vyakula hivyo vinavyoitwa jiaozi.

Kitabu chenyewe kilitawanyika kwa sababu ya vita. Mganga Wang Shuhe alikusanya vipande vyake katika karne ya tatu. Mwaka 1065, serikali ya ukoo wa Song ilikisahihisha na kukichapa. Kwa kuwa bei ilikuwa juu kwa raia, mwaka 1088 iliamuru kichapwe tena kwa herufi ndogo ili kiwe rahisi kununua.

Historia hiyo ina onyo pia. Siku hizi neno shanghan katika hospitali za China ni jina la tifoidi. Maana yake, homa nyingi ambazo wazee walisema zinaletwa na baridi zilikuwa na sababu nyingine. Hata mimea ya baridi ina hatari: mahuang, ambayo Zhang aliitumia kuleta jasho na kufungua kifua, ina nguvu ya kusukuma moyo. Mwaka 2004 Marekani ilipiga marufuku vidonge vya chakula vyenye mmea huo, baada ya watu kupatwa na magonjwa ya moyo na wengine kufa.

Mmea mwingine wa vitabu hivyo vya homa umefika hadi Congo, baada ya kupimwa. Katika karne ya nne, Ge Hong aliandika kitabu cha dawa za haraka, akachagua mimea ya bei ndogo ili maskini waipate. Kwa homa za kurudia alishauri mmea wa qinghao uloweshwe majini na kukamuliwa. Mnamo 1971, mtafiti Tu Youyou alisoma maneno hayo akaelewa kwamba moto mkali unaharibu dawa. Akaitoa bila kuichemsha. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, na dawa za malaria zinazotolewa leo katika vituo vyetu vya afya zina asili hiyo.

Katika milima ya Kivu, jamaa zilizo chini ya hema zinajua usiku wa baridi. Uji wa moto, tangawizi, usingizi wa kutosha na mtu wa kukaa karibu na mgonjwa vinasaidia mafua. Lakini mtoto mwenye homa kali asilundikiwe blanketi wala asipewe majani na kungojeshwa. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe malaria.