Utambuzi wa Bakteria wa Tauni katika Maabara

Bakteria wa tauni, Yersinia pestis, huthibitishwa katika maabara kwa kuchunguza vimeng'enya vyake na namna anavyotumia sukari. Kazi hiyo ilipata uzito wa pekee katika milima ya Usambara Magharibi tangu tauni ilipozuka wilayani Lushoto mwaka 1980 na kuendelea kurudi hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, huku watu zaidi ya 7,000 wakiripotiwa kuugua.

Homa kali na mtoki, yaani uvimbe wa tezi za kinena au kwapa, humtia tabibu shaka lakini havithibitishi ugonjwa, hivyo majimaji huvutwa kwa sindano kutoka kwenye mtoki, na sehemu yake hupakwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya Giemsa, ambayo huonyesha vijiti vilivyokolea nchani kuliko katikati. Sehemu nyingine huoteshwa katika nyuzi joto 28 hivi, na kwa kuwa bakteria huyu hukua polepole, koloni zake baada ya saa 24 ni vitone tu, na anayeharakisha kutupa sahani humkosa.

Katika vipimo vya kemia, hutambulika zaidi kwa yale asiyoyafanya: havunji urea, hatoi indoli, hachachushi laktosi, wala hana kimeng'enya cha oksidasi, ingawa ana katalasi na hutengeneza asidi kutokana na glukosi bila kutoa gesi. Kipimo cha urea kina thamani kubwa kuliko vyote, kwani ndugu yake wa karibu, Yersinia pseudotuberculosis, huivunja na kutoa amonia inayogeuza kiashiria kuwa cha waridi, tofauti ambayo hata mashine za kisasa za kupima uzito wa protini huweza kuikosa. Hata hivyo, kutobadilika kwa rangi huweza pia kuletwa na koloni dhaifu, na kwa sababu hiyo huongezwa bakteriofaji, kirusi kinachomyeyusha bakteria huyo, au kipimo cha antijeni ya F1.

Mwaka 1951 René Devignat, aliyechunguza tauni nchini Kongo, aliwagawa bakteria hao katika aina tatu, Antiqua, Medievalis na Orientalis, kwa kuangalia kama huchachusha gliseroli na kama hugeuza nitrati kuwa nitriti.

Kwa kuwa uoteshaji na vipimo hivyo huchukua siku kadhaa, ilhali tauni ya mapafu huweza kuua upesi kuliko hapo, dawa kama streptomaisini huanzishwa mara sampuli inapochukuliwa.