Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Historia ya Ziwa Mburo, mashariki ya Mbarara ukipita Biharwe, yaonyesha yanayotokea mwenyeji akisahauliwa.

Katika utawala wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, utalii wa Uganda uliporomoka. Wageni walitoweka, na bunduki za ulinzi, nyingine mikononi mwa askari wenyewe, zikageuzwa kuwa za ujangili. Kufikia mwaka 1983 faru wa porini alikuwa amekwisha nchini. Mbarara nayo ilibomolewa vibaya katika vita vya 1979.

Serikali ya pili ya Obote iliamua kufufua utalii. Mwaka 1983 eneo la Ziwa Mburo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, na wafugaji waliokuwa wakiishi humo wakaondolewa kwa nguvu, bila fidia ya kutosha. Amri ilitekelezwa, lakini chuki ilipandwa. Mwaka 1985, serikali hiyo ilipoanguka, wananchi walirejea. Waliwafukuza walinzi, wakabomoa majengo na kuwaua wanyama, ili kusibaki sababu yoyote ya kuwanyang'anya ardhi tena.

Serikali iliyoingia Januari 1986 ilijifunza. Zaidi ya nusu ya ardhi ilirudishwa kwa wananchi, na hifadhi ikabaki na kilometa za mraba 260 hivi. Sheria ya mwaka 1996 iliamuru asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi iwafikie majirani zake. Wageni wakarudi. Leo huwatazama pundamilia na swalapala wa Mburo, na huko Biharwe, kando ya barabara ya Kampala, husimama penye mnara wa ukumbusho wa kupatwa kwa jua mwaka 1520.

Ulinzi wa silaha una mahali pake. Machi 1, 1999, watalii wanane waliuawa huko Bwindi na waasi waliotoka ng'ambo ya mpaka, na hifadhi hiyo ilifunguliwa tena chini ya ulinzi wa jeshi. Lakini askari hawezi kukesha nyuma ya kila kichaka. Jicho la kwanza ni la mwanakijiji, naye hulinda kile anachofaidika nacho. Askari anayemheshimu mfugaji wa Biharwe amekwisha kuanza kumlinda mgeni.