Moja ya Kumi
Wiki ya kwanza ya somo la ukokotoaji, niliiuliza kompyuta kama 0.1 jumlisha 0.2 ni 0.3. Ikakataa. Nikacheka.

Kisha nikasoma kuhusu Dhahran, Saudi Arabia, 25 Februari 1991. Mtambo wa Patriot ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kikamilifu kwa 0 na 1. Mkia wake hukatwa. Mtambo ukawaka zaidi ya saa 100 mfululizo. Haba na haba, kosa likafika theluthi ya sekunde. Ukalitafuta kombora la Scud mahali pasipo lake. Wanajeshi 28 wa Marekani walikufa. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake.

Siku hizi, kabla ya kuandika msimbo, naandika kwanza kosa ninaloliruhusu. Sicheki tena.