Panya Aliyekimbia Huku Akifa Njaa

Ndugu wasikilizaji, juma hili nimepata barua ya mama mmoja ambaye binti yake amekataa kula. Chakula kipo, kimepikwa, lakini mtoto anazidi kukonda. Tena hatulii. Usiku anazunguka uani, asubuhi anafagia palipokwisha kufagiwa. Majirani wanasema anaringa. Mama anauliza: asiyekula hupata wapi nguvu hizo?

Swali hilo ni la zamani. Mwaka 1873 daktari William Gull wa London aliwaeleza madaktari wenzake habari za wasichana waliojinyima chakula, akaupa ugonjwa wao jina linalotumika mpaka leo, anoreksia nevosa. Mwaka huo huo Charles Lasègue wa Paris naye aliandika juu yake. Gull alistaajabu kuona mgonjwa amebaki mifupa mitupu, lakini hataki kukaa kitako.

Sehemu ya jibu ilitoka kwa panya. Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Aryeh Routtenberg na Anthony Kuznesof, walitoa matokeo ya jaribio lao. Panya wa maabara waliwekewa chakula kwa muda wa saa moja tu kila siku. Waliokaa katika vizimba vitupu walizoea, wakaishi. Wengine walipewa muda ule ule, ila vizimba vyao vilikuwa na gurudumu la kukimbilia. Hao walizidi kukimbia siku hadi siku, wakala kidogo kuliko wenzao, wakakonda, wakafa.

Panya hana kioo wala hasomi magazeti ya mitindo. Nani basi alimtuma? Maelezo ya wataalamu wengi ni kwamba njaa ikizidi, mwili humsukuma mnyama aende akatafute riziki mbali. Porini mwendo huo huweza kumfikisha kwenye chakula. Ndani ya gurudumu haumfikishi popote, na kadiri anavyokimbia ndivyo anavyozidi kuishiwa.

Baadaye ilionekana pia kwamba panya hao wakiwekwa mahali penye joto hupunguza mbio na kula zaidi. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Gull. Zaidi ya miaka mia moja kabla, yeye alishauri wagonjwa wake wapewe joto na walishwe kwa vipindi maalumu.

Sisemi binti wa watu ni panya. Panya yule hakukataa chakula, bali binadamu ndiye aliyempimia saa. Hofu ya kunenepa, maneno ya watu na huzuni za nyumbani haviingii kizimbani. Wala tusisahau kwamba elimu hii wanyama wale waliilipia kwa uhai wao.

Lakini jambo moja walitufundisha. Njaa ikishaingia mwilini huweza kujiendesha yenyewe, hata kama aliyeianzisha alidhani ataisimamisha apendapo. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na sisi tulioshiba ndio tunaosema mtoto anaringa.

Mama, usimgombeze, wala usimsifu kwa bidii yake ya kufagia. Mpeleke hospitali mapema, ukamweleze daktari yote mawili: kwamba hali, na kwamba hatulii. Ugonjwa huu huua, lakini wengi waliotibiwa wamepona.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.